Pesa Iingie Kwanza, Ndipo Mzigo Utoke

Una duka Kariakoo, au meza, au stoo ya ghorofani pale Mtaa wa Narung'ombe. Mteja mmoja anakulipa kwa M-Pesa. Wa pili ana akaunti ya benki tu. Wa tatu katoka Lubumbashi na dola mfukoni, na wa nne keshatoa kitabu cha hundi. Wote wanataka mzigo sasa hivi. Kazi yako ni kujua kila hela ipite njia gani, na ni wakati gani unaweza kumwambia kijana afunge boksi.

Njia hizo zimejengwa na Benki Kuu ya Tanzania, BoT, moja baada ya nyingine. TISS ilikuja mwaka 2004 kwa malipo makubwa kati ya benki na benki. Mwaka 2015 ikaja TACH, inayoshughulikia hundi, na mwaka huohuo ikapitishwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa. Kisha TIPS, mfumo wa malipo ya papo kwa papo, ikaanza majaribio mwaka 2021. Huenda unazitumia zote kila wiki bila kuzijua kwa majina. Ukizijua, utaacha kulipa ada zisizo na sababu na kukesha ukisubiri hela ambayo ingefika jana.

Anza na ukubwa wa malipo

Hela ya rejareja, na sehemu kubwa ya hela ya jumla, ipitishe papo kwa papo. TIPS inaunganisha benki na mitandao ya simu, kwa hiyo mteja mwenye Airtel Money anaweza kukulipa kwenye akaunti ya benki, na mwenye benki akakulipa kwenye simu. Usimwambie mtu "mimi nina Voda tu" ukampoteza.

Kama ulikuwa Kariakoo mwaka 2012 unakumbuka ilivyokuwa. M-Pesa ilikuwa imeingia nchini mwaka 2008, Tigo Pesa mwaka 2010, na kila mtandao ulikuwa na ukuta wake. Ukimtumia mtu wa mtandao mwingine, alipata namba ya kuchukulia hela kwa wakala wa mtandao wako. Wenye maduka walipanga simu tatu nne mezani. Mitandao ilianza kupatana yenyewe kwa yenyewe mwaka 2014, Vodacom ikaingia mwaka 2016, kila mmoja kwa mkataba wake na mwenzake. TIPS iliondoa haja ya mikataba ya wawili wawili: wote wanakutana sehemu moja, na sehemu hiyo iko chini ya Benki Kuu. Simu ya tatu na ya nne unaweza kuziuza.

Hela kubwa, ile inayovuka kikomo cha muamala wa simu, ipeleke TISS. Nenda benki, au fanya kwenye programu ya benki yako kama inaruhusu. Uzuri wa TISS ni kwamba ikishaingia kwenye akaunti yako, imeingia. Aliyetuma hawezi kuamka kesho akairudisha. Kwa mzigo wa kontena nzima hiyo ndiyo njia ninayokushauri, hata kama ada yake ni kubwa kidogo kuliko ya simu.

Ila shika hili: fomu ya TISS yenye muhuri wa benki si hela. Ni ushahidi kwamba mtu ameomba hela itumwe. Mteja akikuletea karatasi au picha ya karatasi, mpe soda, mpe kiti, msubiri pamoja. Fungua akaunti yako uone. Na uliza tawi lako mapema saa ya mwisho ya kupokea maombi ya TISS, kwa sababu fomu iliyopelekwa jioni ya Ijumaa inaweza kukulaza macho hadi Jumatatu.

Hundi sasa. Kabla ya TACH, hundi za karatasi zilibebwa kutoka benki kwenda benki, na ya mkoani ilichukua siku nyingi. Siku hizi benki zinabadilishana picha ya hundi, mambo ni ya haraka zaidi. Hata hivyo hundi inaweza kurudi kwa kukosa fedha, na hundi ya zaidi ya shilingi milioni 10 haipiti kwenye mfumo huo kabisa, lazima iende TISS. Kwa mteja mpya, kataa hundi. Kwa mteja wa miaka kumi, pokea, lakini mzigo utoke baada ya benki kuthibitisha. Akinuna, mwambie ni utaratibu wa duka. Atazoea.

Weka Lipa Namba, na iwe ya biashara

Acha kupokea hela za duka kwenye namba yako binafsi. Hili ndilo kosa linalowagharimu wengi Kariakoo, na sababu yake inaeleweka: namba binafsi ipo tayari, haitaki makaratasi, na mteja anaongeza "ya kutolea" juu.

Tatizo ni kwamba kwenye namba binafsi hela ya duka, ada ya shule, mchango wa harusi ya binamu na deni la mama mkwe vinaingia shimo moja. Mwisho wa mwezi hujui umeuza nini. Tena mtu aliyetuma kwenye namba binafsi anaweza kupiga huduma kwa wateja akadai alikosea namba, na wewe mzigo wake umeshapanda kirikuu uko Mbagala.

Lipa Namba, yaani namba ya kupokelea malipo ya biashara, inataka vitu vichache: kitambulisho cha NIDA, TIN, na leseni ya biashara kwa wenye maduka. Kama ni machinga, nenda duka la mtandao uulize wanachohitaji kwa mfanyabiashara mdogo. Masharti yao ni mepesi zaidi. Hakikisha jina linalotokea mteja akiandika namba yako linafanana na jina la ubao wa duka. Mteja akiona jina geni anasita, na akisita anahamia duka la jirani.

Ukipata nafasi ya TANQR, ichukue. Hicho ni kiwango cha msimbo wa QR kilichowekwa na BoT ili stika moja isomwe na benki na mitandao mbalimbali. Badala ya ukuta wa duka kujaa karatasi sita za rangi sita, unabandika moja. Ibandike mahali unapoiona wewe mwenyewe ukiwa umekaa. Kuna wezi wanaokuja na stika yao na kuibandika juu ya yako, na hela inaanza kwenda kwao huku wewe unashukuru wateja. Kila asubuhi ukifungua, isome kwa simu yako uone kama jina lako bado lipo.

Vijana wa duka waone malipo, wasiyaguse. Namba ya siri ni yako peke yako. Uliza mtandao wako kama una nafasi ya msaidizi, yaani mtu anayeona kilichoingia bila uwezo wa kutoa. Ukimpa mtu namba ya siri kwa sababu "leo naenda bandarini", badilisha ukirudi.

Meseji si hela

Sasa tuzungumze kuhusu meseji feki, maana hapa ndipo watu wazima wanapolia.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Duka limejaa, ni msimu wa sikukuu, mteja anaongea na simu, anaharakisha, anakwambia "nimeshatuma, bosi". Simu yako inalia. Meseji imeandikwa vizuri, jina, kiasi, hata salio. Unamwambia kijana atoe mzigo. Jioni unapofunga hesabu, hela haipo.

Fanya hivi. Kwanza tazama meseji imetoka wapi. Ya kweli inatoka kwa jina la huduma, haitoki kwenye namba ya simu ya kawaida. Pili, kwa kiasi chochote ambacho kukipoteza kutakuuma, usiridhike na meseji hata ikiwa imetoka kwa jina sahihi: ingia kwenye menyu uangalie salio au orodha ya miamala. Ni nusu dakika. Tatu, picha ya skrini ya simu ya mteja usiihesabu kabisa. Mtu anaweza kuitengeneza akiwa kwenye mwendokasi kabla hajashuka kituo cha Msimbazi.

Weka sheria moja dukani na uiandike ukutani kwa herufi kubwa: mzigo unatoka baada ya sisi kuona hela kwenye simu yetu. Ikishaandikwa, kijana wako hana haja ya kubishana na mtu aliyemzidi umri. Anaonyesha ukuta.

Ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" nayo bado ina wateja wake. Ukiipokea, usijibu. Ipeleke kwenda namba 15040, ambayo TCRA imeitenga kwa ajili ya kuripoti namba za matapeli. Ukiwa hapohapo, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta laini usiyoijua, nenda duka la mtandao huo ukaifute. Laini hiyo ikitumika kutapeli, jina litakalotafutwa ni lako.

Punguza ada bila kurudi kwenye magunia ya keshi

Mwezi Julai 2021 serikali ilipoleta tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, wengi walikimbilia keshi. Walikuwa na haki ya kukasirika. Tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo, na ikaendelea kupunguzwa miaka iliyofuata. Lakini mazoea ya kutoa kila kitu jioni yamebaki, na sasa yanakugharimu wewe.

Hesabu hivi. Mteja amekulipa. Unatoa kwa wakala, unakatwa. Unabeba keshi hadi Mtaa wa Aggrey kwa mwenye mzigo, naye anaiweka kwa wakala ili alipe wake. Hela ileile imezunguka mtaa mmoja na kila kituo imeacha kipande. Mlipe moja kwa moja kutoka kwenye namba yako ya biashara. Kodi ya fremu, luku na hela ya bima vilevile.

Malipo ya serikali yana njia yake. Tangu mwaka 2017 mfumo wa GePG unatoa control namba, na kwa control namba unalipa ukiwa umekaa dukani, kwa simu au benki: leseni, kodi ya mapato, ushuru wa forodha. Mtu yeyote akikwambia umpe keshi "akakulipie" leseni, muulize control namba iko wapi. Ukiipata, soma jina la taasisi linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri.

Kinachobaki kihamishie benki siku hiyohiyo. Usilaze hela ya mtaji kwenye droo. Soko kuu liliungua usiku wa Julai 10, 2021, na noti iliyogeuka majivu hakuna anayekurudishia. Hela iliyo kwenye simu, kwa sheria ya mwaka 2015, kampuni ya simu inatakiwa iwe imeiweka benki kwenye akaunti ya dhamana, kando na hela zake yenyewe. Kwa hiyo simu ikiibiwa, hela yako haijaibiwa. Rudisha laini, endelea na kazi.

Na ukipokea keshi, tazama noti. BoT ilitoa muda kati ya Januari 6 na Aprili 5, 2025 wa kubadilisha noti za zamani, zile za toleo la mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Muda umekwisha na noti hizo si malipo halali. Mzee akikuletea burungutu lililotoka chini ya godoro kijijini, mwambie kwa heshima kwamba huwezi kulipokea.

Wageni wa mipakani na dola zao

Kariakoo inavaliwa Zambia, Malawi, Kongo na Komoro. Lakini bei zako ziwe kwa shilingi. Kanuni zilizoanza kutumika Machi 28, 2025 zinakataza kupanga bei au kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani. Kama bado una kikaratasi cha "USD" kwenye jora la kitenge, king'oe leo.

Mgeni mwenye dola mpeleke benki au duka la kubadilishia fedha lenye leseni, abadilishe kwa jina lake, apewe risiti, kisha akulipe. Mtume kijana amsindikize. Ni adabu, na pia hatapotelea duka lingine njiani.

Mteja wa Nairobi, Kampala au Kigali anaweza kukulipa bila kupita kwenye dola kabisa. Kuna EAPS, mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki unaounganisha benki kuu za Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania. Atumie benki yake, aseme anataka EAPS, akupe nakala. Ajabu ni kwamba hata baadhi ya wahudumu wa benki huuliza "EAPS ndiyo nini?". Sisitiza kwa upole, omba msimamizi. Kwa kiasi kidogo, M-Pesa ya Kenya na ya Tanzania zinatumiana tangu mwaka 2015.

Wewe unayeagiza Guangzhou au Yiwu, lipa kupitia benki yako ukiwa na ankara ya muuzaji mkononi. Najua kuna mtu ghorofa ya pili anayefikisha hela China ndani ya saa moja kwa bei nzuri. Siku ya kugombana na muuzaji, au na forodha juu ya thamani ya mzigo, huyo hatakuwa na karatasi yoyote ya kukupa.

Intaneti ikikatika

Jumapili ya Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikayumba nchini. Waliotegemea programu za simu pekee walikwama. Kwa hiyo jifunze njia ya nyota na reli pia: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa iliyokuwa Tigo Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa. Hizo hazihitaji intaneti. Andika Lipa Namba yako kwa tarakimu kubwa chini ya stika ya QR, ili skani ikigoma mteja aandike kwa mkono.

Ujiwekee pia laini ya mtandao wa pili yenye usajili wa biashara. Moja ikizimika saa saba mchana wa Jumamosi, unaendelea.

TRA, hesabu na mkopo

Wapo wanaokwepa Lipa Namba kwa kuiogopa TRA. Tusijifanye hofu hiyo haipo. Mgomo wa Mei 2023 ulifunga maduka ya Kariakoo hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaja kuzungumza na wafanyabiashara Mnazi Mmoja, na kodi ilikuwa katikati ya malalamiko.

Nionavyo mimi, anayekadiriwa vibaya zaidi ni yule asiye na rekodi. Afisa akija na makadirio yake, na wewe huna karatasi, mnabishana kwa maneno. Ukiwa na taarifa ya miezi kumi na miwili ya Lipa Namba, risiti za mashine ya EFD zinazolingana nayo, na malipo uliyotoa kwa wenye mzigo, unaonyesha mauzo na unaonyesha pia ulichotumia. Watu husahau kwamba hela iliyoingia si faida yote, na mfumo unahifadhi pande zote mbili.

Toa risiti ya EFD kwa kila malipo, iwe simu, benki au keshi. Jioni linganisha jumla ya mashine na jumla ya simu na droo. Zikitofautiana, tafuta sababu usiku huohuo, ukiwa bado unakumbuka sura za watu. Kama umesajiliwa VAT, muulize pia mhasibu wako kuhusu kiwango cha asilimia 16 badala ya 18, kilicholetwa na Sheria ya Fedha ya 2025 kwa mnunuzi asiye na usajili wa VAT anayelipa kielektroniki. Kuna wateja watakaokuchagua kwa hilo tu.

Taarifa hiyohiyo ndiyo utakayoipeleka benki ukitaka mkopo. Afisa mikopo hawezi kusoma daftari lako la kaunta. Taarifa ya akaunti anaisoma.

Muamala ukikwama

Hela imekatwa kwa mteja, kwako haijafika. Usitoe mzigo, na usimwambie atume tena. Chukua namba ya kumbukumbu ya muamala, saa na kiasi. Aliyetuma ndiye aanze kupiga huduma kwa wateja ya benki au mtandao wake, kwa sababu hela imetoka huko. Wewe piga ya kwako uwape namba ileile. Usikubali jibu la "subiri" bila namba ya lalamiko.

Wasipokusaidia, panda ngazi. BoT ina kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019, na ina mfumo wa malalamiko kwa mtandao uitwao Sema na BoT. Utaratibu ni kwamba ulalamike kwanza kwa mtoa huduma wako, kwa hiyo ile namba ya lalamiko ndiyo tiketi yako. Eleza kwa ufupi: siku gani, kiasi gani, namba ya muamala, umejibiwa nini. Ambatanisha taarifa ya akaunti. Wafanyabiashara wengi huishia kulalamika kwa jirani wa fremu, na jirani hana uwezo wa kuiagiza benki irudishe hela yako. Peleka lalamiko lako Benki Kuu.